Mbao ikitoka ya kupinda, angalia gidi mbele ya kulaumu sheni

Kila siku ya soko kuko mbao zenye zinabaki chini wakati zingine zimekwisha kupata mnunuzi. Seremala anakuja, anainua planshi moja, anaitazama kwa jicho moja toka upande wa kichwa, na anaona mara moja: mwanzo ina unene wa sentimetri 4, katikati 3, mwisho inafika 5. Anairudisha chini. Ao anasema ataichukua, lakini kwa nusu ya bei, juu itamwomba kazi nyingi ya randa. Mpasua mbao anakubali, juu watoto wanangojea kula na mwenye machini anangojea sehemu yake.

Ukimuuliza mpasua mbao namna gani ilifika pale, atakuambia kamba ilipigwa sawa, alama ilikuwa sawa, mkono ulikuwa sawa. Basi kosa ni la sheni. Anainoa. Inapinda tena. Anainoa tena, mpaka meno yanabaki mafupi kama ya mzee, na mbao bado inapinda. Mara nyingi ugonjwa hauko kwenye sheni. Uko chini yake, kwenye gidi.

Tumeandika makala hii kwa ajili ya wapasua mbao wa Kabambare na Kasongo, na wenzao wa Fizi, Kongolo, Kibombo na pengine katika majimbo yetu ya mashariki. Lakini inawaangalia pia wenye machini, wenye wanazikodisha kwa vijana na kiisha wanagombana nao gidi inapokufa. Gidi mpya kwetu haipatikani kila duka. Inabidi kuiagiza mbali, ipande moto ao gari, na wakati wa mvua barabara unazijua wewe mwenyewe. Siku zote hizo kikundi kinakaa msituni bila kazi, kinakula kwa deni. Lakini gidi inaweza kuishi muda mrefu zaidi kama inatunzwa kwa tupa moja, waya moja na dakika chache za kila siku.

Gidi ni kitu gani

Gidi ni lile bamba refu la chuma ambalo sheni inazunguka juu yake. Wengine wanaiita lamu. Ukiitoa na kuitazama kwa karibu, utaona iko na sehemu tano.

Ya kwanza ni mfereji, ile njia nyembamba inayozunguka gidi, ambamo miguu ya sheni inapita. Ya pili ni reli mbili, yaani kingo mbili za mfereji, moja kuume na moja kushoto. Sheni inakaa juu ya reli hizi kama vile treni inakaa juu ya njia yake. Ya tatu ni pua, kule mbele. Gidi nyingi ziko na kigurudumu kidogo cha meno ndani ya pua. Ya nne ni matundu madogo ya mafuta, karibu na mkia. Ya tano ni tundu la kukazia sheni, karibu na pale gidi inafungwa kwenye machini.

Sasa fikiri juu ya treni. Kama reli moja iko juu na ingine iko chini, treni italala upande. Sheni nayo ni vile vile. Reli ya kushoto ikilika kuliko ya kuume, sheni inalala kushoto, meno yanakata kwa kuinama, na mbao inatoka ya kupinda hata kama meno yamenolewa vizuri sana. Hakuna mkono wenye nguvu ya kurudisha machini kwenye alama kwa urefu wa mbao nzima.

Jaribio la kwanza: geuza gidi

Mbele ya kufanya lolote, lazima kujua kama kosa ni la gidi ao la sheni. Kuko namna moja rahisi, haiombi chombo chochote zaidi ya ufunguo wa machini.

Zima moteri, ngoja ipoe, toa buji ao chomoa waya wake. Legeza na toa gidi, kiisha igeuze: upande uliokuwa chini uwe juu. Rudisha sheni, ukiangalia meno yaelekee mbele kama kawaida, kaza, na kata tena kwenye mti ule ule.

Kama mwanzo ilikuwa inapinda kushoto na sasa inapinda kuume, ao inakwenda sawa, basi kosa ni la gidi. Kama inaendelea kupinda kushoto kama mwanzo, basi kosa ni la sheni: meno ya upande mmoja ni marefu ama makali kuliko ya upande mwingine. Pale inabidi kuyapima na kuyasawazisha yote kwa urefu wa jino lile fupi kuliko yote.

Magonjwa haya mawili yanazaana. Sheni yenye meno makali upande mmoja inavuta upande ule na kula reli moja haraka. Gidi iliyolika nayo inaharibu sheni mpya kwa siku chache. Mtu akinunua sheni mpya na kuivika kwenye gidi mgonjwa, ni kama kununua mupira mpya wa baiskeli na kuuweka kwenye jante iliyopinda.

Majaribio mengine manne

Simamisha gidi. Safisha gidi, kiisha isimamishe juu ya kioo ao juu ya chuma kilichonyooka kabisa, ikae juu ya reli zake. Reli zikiwa sawa, itasimama wima. Ikiinama upande mmoja, reli ya upande ule ni fupi. Fanya vile kwa pande zote mbili.

Weka rula. Sheni ikiwa juu ya gidi, weka rula ya chuma ubavuni, iguse jino moja la sheni na ubavu wa gidi. Kama kunabaki nafasi kidogo kati ya rula na gidi, ni vizuri. Kama hakuna nafasi na sheni inalala, mfereji umepanuka ao reli zimelika.

Pitisha ukucha. Pitisha ukucha polepole ubavuni mwa reli, toka chini kwenda juu. Ukikwama kwenye makali madogo yanayotokeza nje kama ukingo wa wembe, hayo ni masizi ya chuma yaliyosukumwa na sheni. Kwa gidi inayofanya kazi ni kawaida, lakini yasipotolewa yanavunjika na kuondoka na kipande cha reli.

Pima urefu wa mfereji kwenda chini. Ingiza kipande chembamba cha chuma mpaka kiguse chini, weka alama, toa, pima. Kwa sheni ya .404, mfereji usiwe chini ya milimetri 7. Kwa sheni ya 3/8 na ya .325, usiwe chini ya milimetri 6. Mfano Stihl 070, ile machini nzito inayojulikana sana kwa wapasua mbao wa Kongo, mara nyingi inavaa sheni ya .404 yenye miguu ya unene wa milimetri 1.6. Mfereji ukiwa mfupi kuliko hapo, miguu ya sheni inagusa chini, sheni haikai tena juu ya reli, na gidi ile imekwisha.

Kiisha tazama gidi kwa urefu, kama mtu anayetazama mshale. Kama imepinda, utaona. Na kama reli ziko na madoa ya rangi ya bluu, ujue chuma kiliungua. Chuma kilichoungua kinakuwa laini, na pale gidi italika haraka zaidi.

Nini inaua gidi

Sababu ya kwanza ni ukavu. Sheni ikizunguka bila mafuta ya kutosha, chuma kinakula chuma. Kupasua mbao kwa urefu ni kazi ya moto mkubwa kuliko kukata gogo: moteri inakwenda kwa nguvu yote kwa dakika nyingi bila kupumzika. Unga wa mbao unachanganyika na mafuta, unakuwa kama ugali ndani ya mfereji, unaziba tundu, na gidi inabaki kavu wakati tanki ya mafuta iko bado imejaa.

Ya pili ni sheni butu. Sheni isiyokata inamwomba mtu kusukuma. Anaposukuma, uzito wote unaanguka juu ya reli. Ukiona machini inatoa vumbi laini tu, si vipande vya mbao, acha na unoe.

Ya tatu ni sheni iliyokazwa vibaya. Ikikazwa sana, inakula pua na kuchosha moteri. Ikilegea, inapigapiga reli nyuma ya pua na kuzivunja vipande, na inaweza kutoka njiani na kumpiga mtu.

Ya nne ni kutogeuza. Upande wa chini ndio unafanya kazi nyingi. Gidi isiyogeuzwa inakufa upande mmoja wakati mwingine bado ni mpya.

Ya tano ni mti wenyewe. Muvula, ule wafanyabiashara wanaita iroko ao kambala, mara ingine unaficha ndani yake mawe madogo meupe ya chokaa. Sheni ikikutana nayo, meno yanakufa pale pale. Mtu akiendelea kusukuma na sheni ile, gidi inalipa. Mchanga ulioingia kwenye ganda la gogo lililoburutwa chini unafanya vile vile. Toa ganda kwa panga pale alama inapita, mbele ya kuwasha machini.

Ya sita ni kuchanganya nambari. Sheni, gidi na pinyo lazima vipatane. Nambari zimeandikwa kwenye gidi, karibu na mkia. Sheni ya miguu ya milimetri 1.5 inaingia kwenye mfereji wa 1.6, lakini itacheza na kulala. Kwa hiyo soma nambari mbele ya kulipa, hata kama muuzaji anasema yote ni sawa tu.

Vyombo vya kazi

Katika miji mikubwa kuko vyombo vya kiwanda kwa kazi hii: kishikio kinachobeba tupa na kuiweka wima juu ya reli, kipimo cha mfereji, pompi ndogo ya grese. Ukivipata, vizuri. Usipovipata, fundi wa Kabambare anaweza kufanya karibu yote na vitu hivi:

Tupa bapa, ile wengi wanaita lime, ya meno laini, ambayo haijalika. Tupa ya duara ya kunoa meno haifai kwa reli.

Kipande cha mbao ngumu kilichochongwa kwa ekere, pembe yake iwe sawa kabisa. Ndicho kitashikilia tupa isiiname.

Kipande cha wembe wa msumeno wa chuma uliovunjika. Ni chembamba, kinaingia kwenye mfereji na kutoa uchafu.

Rayo ya baiskeli ao waya mgumu, kwa kuzibua matundu ya mafuta.

Brosi ya zamani, kitambaa, na esanse kidogo ya kuoshea. Kuosha na esanse ni mbali na moto na mbali na sigara.

Eto, kile chuma cha kubana. Kama hakuna, bana gidi kati ya mbao mbili zilizofungwa kwa kamba ao misumari, isicheze hata kidogo. Gidi inayocheza inatoa reli za mawimbi.

Namna ya kusawazisha reli

Kwanza safisha. Toa uchafu wote kwenye mfereji kwa kile kipande cha wembe, toka mkia kwenda pua. Zibua matundu ya mafuta kwa waya. Osha, panguza, acha ikauke. Vaa glovu ao funga mkono kwa kitambaa kigumu, juu makali ya reli yanakata kama kisu.

Pili, toa masizi ya ubavuni. Laza tupa bapa kwenye ubavu wa gidi na uisukume taratibu upande mmoja, kiisha mwingine, mpaka ukucha usikwame tena. Hii peke yake, ikifanywa kila juma, inalinda reli zisivunjike.

Tatu, sawazisha juu. Bana gidi, reli zikiangalia juu. Weka kile kipande cha mbao cha ekere ubavuni mwa gidi, kiisha laza tupa juu ya reli zote mbili kwa pamoja, ikiegemea mbao ile isiiname. Sukuma kwenda mbele tu, kwa urefu wote, toka mkia mpaka karibu na pua. Usikae mahali pamoja, juu utachimba shimo. Kila mara unapovuta nyuma, inua tupa.

Tazama rangi. Pale tupa imegusa, chuma kinang'aa. Mwanzo utaona reli moja tu inang'aa, ile ndefu. Endelea polepole mpaka zote mbili zinang'aa kwa upana ule ule, toka mwanzo mpaka mwisho. Hapo acha. Kila mpigo wa tupa unapunguza mfereji, na chuma kilichotoka hakirudi. Tena juu ya reli chuma kimekomazwa kwa moto kiwandani. Ukikitoa chote, kinachobaki chini ni laini.

Nne, pitisha tena tupa ubavuni kwa wepesi, toa unga wote wa chuma kwenye mfereji, na simamisha gidi juu ya kioo. Ikisimama wima pande zote mbili, kazi imekwisha.

Wengine wanapenda kutumia jiwe la kunolea la umeme, juu linakwenda mbio. Inawezekana, lakini kwa mkono mwepesi na kwa kupumzisha. Chuma kikigeuka bluu, umekiunguza.

Na nyundo je? Mfereji ukipanuka, kuko mafundi wanaoweka gidi juu ya chuma na kuipiga ili reli zikaribiane. Kwa siku chache inaweza kusaidia. Lakini reli ni chuma kigumu, na kigumu kinapasuka. Kama ni lazima, kwanza ingiza ndani ya mfereji kipande cha chuma chenye unene ule ule wa miguu ya sheni, ili usiufunge kupita kiasi, na upige kwa upole, kidogo kidogo. Ukiona ufa, hata mdogo kama unywele, gidi ile isirudi msituni. Kipande cha reli kikiruka wakati moteri inakwenda, kinakwenda kwa nguvu kubwa.

Pua inaomba macho yake

Zungusha kigurudumu cha pua kwa kidole. Kizunguke kwa wepesi, bila kelele ya mchanga na bila kucheza sana kushoto na kuume. Kama gidi yako iko na tundu dogo karibu na pua, ni la grese: safisha tundu kwanza, kiisha ingiza grese mpaka itokeze kwenye meno ya kigurudumu. Ukiingiza bila kusafisha, unasukuma mchanga ndani. Gidi zingine hazina tundu hili. Usilitoboe wewe mwenyewe.

Pinyo nayo ni ndugu ya gidi. Sheni mbili zikilika juu ya pinyo moja, ni wakati wa kuibadilisha. Alama za kulika zikipita nusu milimetri, usingoje. Mwenye uwezo anunue sheni mbili na kuzizungusha: leo hii, kesho ile. Zinalika pamoja na pinyo, na vyote vinaishi muda mrefu.

Mafuta: swali la vidanje

Wengi wanatumia mafuta ya vidanje, yale meusi yaliyotolewa kwenye moto ao gari. Ni bei ndogo, wakati ingine ni ya bure. Lakini watengenezaji wa machini wanayakataza waziwazi, na sababu zinaeleweka. Ndani ya mafuta yale kuko unga wa chuma uliotoka kwenye moteri ingine, na unga ule unafanya kazi ya tupa kati ya sheni na gidi. Yamepoteza nguvu ya kuteleza. Yanaziba pompi. Na yanaruka juu ya ngozi na nguo ya mpasua mbao kutwa nzima. Kuyashika kwa muda mrefu kunaweza kuleta kansa ya ngozi. Yanayobaki yanaanguka kwenye udongo na kwenye vijito ambavyo kikundi kinachota maji ya kupikia.

Mafuta ya sheni yenyewe ndiyo bora. Yasipopatikana, mafuta mapya ya moteri, ao yale mazito ya bwate ya nambari 90, yanafaa zaidi kuliko vidanje. Chupa moja ya mafuta mapya ni bei ndogo kuliko gidi.

Na mawese? Ulaya kuko mafuta ya sheni yanayotengenezwa kwa mimea, kwa hiyo wazo si baya. Lakini mawese yetu ya nyumbani yanaganda asubuhi ya baridi, na yanabeba maji na nyuzi. Mwenye kuyatumia ayachuje vizuri kwa kitambaa, ayapashe moto kidogo mbali na machini, na asiyaache ndani wakati machini inalala siku nyingi, juu yanakuwa kama gundi na kufunga pompi na pua.

Kwa kujua kama mafuta yanafika, washa machini, elekeza pua karibu na kisiki cheupe ao jani pana, bila kukigusa, na uongeze moteri. Baada ya muda mfupi lazima uone mstari wa mafuta. Usipoona, zima na utafute tundu lililoziba. Usianze kazi na matumaini.

Kukaza sheni

Kaza wakati imepoa. Legeza karanga za gidi kidogo, inua pua kwa mkono, kaza skurubu mpaka sheni iguse gidi upande wa chini, kiisha funga karanga pua ikiwa bado imeinuliwa. Ukivuta sheni kwa mkono wenye glovu, moteri ikiwa imezimwa, izunguke bila kukwama.

Sheni mpya inarefuka haraka, kwa hiyo iangalie mara nyingi siku ya kwanza. Ukikaza wakati wa kazi, sheni ikiwa ya moto, usisahau kuilegeza jioni. Chuma kikipoa kinajikunyata, na sheni iliyojikunyata inabana gidi na mhimili wa moteri usiku kucha.

Tusisahau mwili. Pua ikigusa mti kwa sehemu yake ya juu, machini inaruka nyuma kuelekea uso wa mtu kwa haraka kuliko jicho. Machini nyingi za zamani hazina breki ya sheni. Mpasua mbao anayepigana na gidi inayopinda, anayesukuma na kugeuza kwa nguvu, ndiye yuko karibu zaidi na hatari ile. Kwa hiyo kutunza gidi ni kutunza pia mtu anayeishika.

Hesabu ya mwisho

Tuseme kikundi kinatoa mbao 30 kwa siku, na 5 kati yao zinapinda na kuuzwa nusu bei. Kila siku kinapoteza bei ya mbao mbili na nusu. Kwa siku 6 za kazi, ni mbao 15: nusu siku ya jasho la watu wote, pamoja na esanse yake. Na mti uliochukua miaka mingi kukua umetoa kuni pale ulipaswa kutoa mlango.

Kazi ya kuzuia hasara hii si nyingi. Kila jioni: safisha mfereji, zibua matundu, legeza sheni. Kila unaponoa sheni: geuza gidi, angalia pua na mafuta. Kila juma: toa masizi kwa tupa, simamisha gidi juu ya kioo, sawazisha kama inaomba. Kila sheni mpya: pima mfereji na tazama pinyo.

Wenye machini, nanyi kuko sehemu yenu. Mkimpa kijana machini, mpeni pia tupa bapa na mafuta mazuri. Na siku ya kumkabidhi, simamisheni gidi pamoja juu ya kioo, pimeni mfereji pamoja, muandike kipimo kwenye karatasi. Siku ya kurudisha, pimeni tena. Namba ikiwa kwenye karatasi, hakuna wa kusema gidi ilikufa mkononi mwa nani, na ugomvi unaokwisha kuvunja urafiki mwingi hautapata mahali pa kuanzia.